Moshi Niliokuwa Naujua

Pua yangu inajulikana kwetu Kamuli kuliko jina langu. Nikikaa nje ya jiko langu jioni, moshi ukaja juu ya migomba, nakwambia nani anapika nini. Huyu leo kaweka dagaa kwenye maharage. Yule kuni zake mbichi, ana mume mvivu. Kule wanachoma takataka, na ndani kuna ndala ya plastiki. Watu walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wanaamini. Nasema walikuwa.

Shule niliishia darasa la tatu, kwetu Rugu, kisha nikaolewa huku Kamuli, Kyerwa. Kuandika naandika hivi hivi, herufi kubwa kubwa kama za mtu anayepiga kelele. Lakini moto naujua. Moto wa jiko langu haujawahi kuombwa kwa jirani. Majirani ndio waliokuja kwangu asubuhi na kigae cha chungu kuchukua makaa. Usiku nayafukia kwa majivu, alfajiri nayafukua, napuliza, yananijibu. Hivyo mtu asije akasema sikuujua moto. Niliujua, na aibu yangu yote inatoka hapo.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi. Alisoma, akaenda Mwanza, akajifunza kupiga picha. Mimi nilidhani picha za harusi. Nilitangaza kanisani kabla hajarudi: anakuja, atawapiga nyote, vitenge vyenu vitaonekana mpaka maua. Akashuka basi Omurushaka na maboksi, akapanda pikipiki na maboksi yake mpaka kwangu, vumbi tupu, anacheka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja na duka?"

"Nimekuja na kazi, Bibi. Naomba ile stoo ya ndizi."

Ile stoo ni ya tangu enzi za marehemu babu yake. Ndimo tulimoivishia ndizi za pombe, haina dirisha, na ukifunga mlango hujioni mkono. Nikampa. Akaziba nyufa kwa udongo na nailoni nyeusi, akaweka taa nyekundu ya betri, akapanga mabeseni yangu ya kuoshea vyombo, akamimina dawa zinazonuka kama siki iliyozeeka. Nikamwambia, mabeseni hayo hayarudi jikoni kwangu. Akasema, "Nitakununulia mengine." Bado nayasubiri, lakini hiyo si habari ya leo.

Alinieleza kazi yake tukiwa tunamenya ndizi. Karatasi yake, akasema, ni kama jicho linalofumbuka mara moja tu. Likiona mwanga limeshaona, basi. Wengine wanaionyesha karatasi mwanga wa taa. Yeye anaionyesha moto. Anatandaza karatasi gizani, juu yake anaweka kitu, jani la mgomba lililokauka, uzi, kijiti, kisha anawasha nyasi kidogo mkononi, zinawaka, anazifunika kwa kifuniko cha sufuria, zinakufa. Mwanga ule mdogo umeshachora. Karatasi akiitia kwenye dawa, kivuli kinatokea. Na zipo picha nyingine alizokwisha kuzipiga kwa kamera yake. Hizo anauchukua mkanda wenyewe anaupitisha kwenye mshumaa, unakunjamana, unatoboka, ndipo anaisafisha picha ikiwa na lile tobo.

"Kwa hiyo unaharibu picha yako mwenyewe," nikamwambia.

"Nataka kuona, Bibi. Moto ule ule unaochora ndio unaofuta."

"Hilo nalijua mimi bila kwenda Mwanza. Mimi napika."

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Nilipenda alivyocheka. Akaniambia kuna maonyesho Bukoba, watu wa picha watakuja kutoka mbali, naye amepewa ukuta mzima peke yake. Karatasi zile aliletewa na rafiki yake kutoka nje, hapa nchini hazipatikani ovyo. Boksi moja tu. Zikiisha zimeisha, na ukuta utabaki mtupu.

"Sasa, Bibi, nikifunga mlango usifungue. Hata iweje."

"Hata kama nakufa?"

"Ukifa niite, nitatoka."

Basi akawa anajifungia. Asubuhi yupo ndani, mchana yupo ndani. Mimi nje, na kuku. Kwanza nililinda ule mlango kama askari. Baadaye nikaanza kuuangalia. Baadaye ukaanza kuniudhi. Stoo ile niliikandika mimi kwa mikono hii, nikiwa na mimba. Hakuna mlango kwenye kibanja changu nilioufunga mimi nikakatazwa kuufungua. Na kila nikipeleka uji nauweka chini, nagonga, naondoka, kama mtu anayemlisha mfungwa.

Nilimwomba mara moja. Nilisema, nami niingie nione. Akasema, "Subiri Bibi, bado sijapata ninachokitafuta. Nikikipata wewe ndiwe wa kwanza." Alisema vizuri. Mimi nilisikia vibaya moyoni.

Wakati huo huo nje nilikuwa naongopa. Wanawake wa kanisani wakiniuliza mtoto anafanya nini humo gizani, kwenye taa nyekundu, na harufu ile, nawajibu kwa kichwa juu: "Ananionyesha kila kitu. Naingia kila siku. Mimi ndiye ninayemshikia moto." Wengine walikuwa wameanza kunong'ona mambo ya uchawi, nikawafunga midomo kwa uongo wangu. Nikajisikia mkubwa. Sikuwa nimekanyaga humo ndani hata mara moja.

Wifi yangu ndiye aliyenifikisha pale. Ni dada wa marehemu mume wangu, kibanja chake na changu vimegawanywa na mstari wa mibuni tu, na tumetaniana tangu siku ya harusi yangu, mpaka tumezeeka, meno yamepungua, utani haupungui. Alikuja mchana mmoja, jua kali, na kitenge chake cha kutokea.

"Wifi, nimekuja kuona hizo picha za moto. Si unaingia kila siku? Niingize."

Nikakwama. Nikaenda mlangoni, nikagonga kwa nguvu ya mwenye nyumba.

"Mjukuu wangu, fungua, shangazi wa mama yako amekuja."

Sauti kutoka ndani: "Siyo sasa, Bibi! Niko katikati!"

Nikagonga tena. "Ni mimi!"

"Najua ni wewe, Bibi. Tafadhali!"

Wifi akaanza kutetemeka kwa kicheko, kafunika mdomo na kanga, machozi yanamtoka. "Wifi! Wifi yangu! Kwako unabisha hodi? Na hufunguliwi? Ee, mshika moto!" Akaondoka akicheka njia nzima, nikamsikia anacheka mpaka upande wa pili wa mibuni. Nikajua kabla ya jua kuzama kila jiko litakuwa na habari.

Nikabaki nimesimama uani. Ndipo moshi ukatoka chini ya mapaa.

Nataka niuseme ule moshi ulivyokuwa, kwa sababu niliponzwa na kuujua. Ulikuwa mweupe, mwembamba, mtamu kidogo. Ulikuwa moshi wa nyasi laini, zile tunazotandika chini sebuleni wageni wakija. Hata nikajua ametoa wapi: alichota sebuleni kwangu asubuhi, niliona pengo karibu na kiti. Moshi wa mapaa yanayoungua ni mzito, unakuja na masizi ya miaka, unakwaruza koo. Huu haukukwaruza kitu. Moshi wa konzi moja ya nyasi. Niliujua kama ninavyoijua sauti ya mbuzi wangu.

Nikaweka mkono mdomoni nikapiga enduru.

Mgeni ajue enduru ni nini. Ni lile yowe la hatari, na kwetu ukilisikia unaacha ulichoshika. Hakuna kuuliza, hakuna kusema nina ugomvi na mwenye nyumba ile. Asiyekuja, siku yake nayo hawaendi. Na anayepiga enduru ya bure anatozwa pombe, na anasemwa mpaka wajukuu zake wanasemwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimamia jirani mmoja aliyepiga kwa sababu ya nyoka aliyekuwa kamba. Nilisimama kidete atozwe. Alilipa.

Walikuja. Mungu wangu, jinsi walivyokuja! Kutoka kwenye kahawa, kutoka kwenye maharage, mwanamke mmoja na ndizi aliyokuwa anamenya mkononi. Wanaume walikata migomba palepale kibanjani kwangu, wakaja na vipande vya shina vinavyochuruzika maji, kwa kuwa shina la mgomba linazima moto kuliko ndoo. Wifi alikuwa wa kwanza, kitenge cha kutokea kimefungwa kiunoni, hacheki tena. "Mtoto yuko ndani?" aliniuliza. "Yuko ndani?" Nikaitikia kwa kichwa.

Kibarua wa wifi, mtu mzima ambaye wazazi wake walitokea Burundi, ana nguvu za kung'oa visiki, aliupiga mlango teke moja. Ukaanguka wote. Jua likaingia.

Sitasahau sauti ya mjukuu wangu. Hakupiga kelele ya moto. Alilia kama mtu aliyeng'olewa jino. Akalirukia boksi lake akalilalia, kama kuku anavyolalia vifaranga mwewe akipita. Wao wakadhani amezidiwa na moshi. Wakamshika miguu na mikono kumvuta nje, yeye anang'ang'ania, mabeseni yakapinduka, dawa ikamwagika kwenye mikono ya watu, na boksi likafunguka. Karatasi zikatawanyika sakafuni, wakazikusanya kwa huruma, wakidhani ni vyeti vyake, wakaja kuziweka nje juani, moja moja, kwa uangalifu, zisilowe.

Zilikuwa nyeupe, zikaanza kubadilika mbele ya macho yetu. Kwanza rangi ya fizi, kisha zambarau, kama ganda la ua la mgomba. Hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Na mimi. Jicho linalofumbuka mara moja.

"Moto uko wapi?" mtu akauliza.

Balozi wetu wa nyumba kumi ni mzee mtaratibu, hapandishi sauti. Aliingia stoo, akatoka na kifuniko changu cha sufuria. Ndani yake majivu ya nyasi, kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto.

"Mama," akaniambia, "ulisikia moshi gani?"

Ningesema nilichanganyikiwa. Ningesema uzee. Nilisema, "Moshi ni moshi."

Wifi akageuka akaniangalia. Alikuwa anahema bado, na mikono inamtiririka dawa. "Moshi ni moshi?" akasema. "Pua hii? Pua iliyojua nimetia dagaa kwenye maharage, nami nilikuwa nimefunga mlango? Pua iliyomwambia mume wangu, Mungu amrehemu, kwamba nimeunguza wali wa wageni, kabla hajafika nyumbani? Leo pua hii haijui nyasi?"

Watu wakacheka. Kidogo tu, kisha wakaacha, kwa sababu waliona uso wangu, na uso wangu ulikuwa umeshajibu. Mwanamke mwenye ndizi akasema taratibu, bila ubaya, "Ee. Kumbe alikuwa anajua." Akageuka akaenda zake kumalizia kumenya.

Nimezika mume. Nilizaliwa wakati wa njaa na nimeoga mtoni na wenzangu nikiwa sina nguo ya kubadili. Sijawahi kuwa uchi kama siku ile, nikiwa nimevaa gauni na kanga mbili.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alikuwa amesikia yote. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata pa kusimama, ningemwambia unamtukana bibi yako? Hakunipa hata hilo. Aliniangalia kama anavyoangalia karatasi yake, kwa makini, kuona kitatokea nini. Hakikutokea kitu. Mimi mkubwa, nitamwombaje radhi mtoto niliyemfuta kamasi, mbele ya watu? Sikumwomba.

Watu wakaondoka. Balozi akataja pombe ninayodaiwa, kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba.

Jioni ile yeye ndiye aliyesogea kwanza, si kwangu, kwenye mabeseni. Dawa kidogo ilibaki kwenye galoni. Akaimimina uani, mwangani kweupe, hakuna tena cha kuficha. Akachukua karatasi mojawapo iliyoungua kwa jua, akaizamisha. Nilisogea nikasimama nyuma yake. Hakunifukuza.

Karatasi ikawa nyeusi. Kama masizi. Akaitupa. Ya pili, nyeusi. Nilitamani ardhi inimeze. Ya tatu akaizamisha bila kutazama, anafuta pua kwa kiwiko, na weusi ukaanza kupanda kutoka pembeni, ukapanda, kisha katikati ukasimama. Ukazunguka kitu. Kitu kile kikabaki cheupe: mkono. Vidole vinne. Kibarua wa wifi alipoteza kidole cha pete kwa panga zamani.

Mjukuu wangu akashika mdomo. Baadaye alinieleza: dawa ni mbili, ile ya kwenye galoni ndiyo inayotoa weusi, na iliyowamwagikia mikononi ndiyo inayoizuia karatasi isiwe nyeusi. Kila aliyeshika karatasi akiwa ameloa aliuacha mkono wake humo, bila kujua. Wakati ule hakueleza. Alizamisha nyingine, na nyingine, anakimbia, anapangusa, mikono ikatoka. Viganja vya wanaume vilivyopasuka. Mkono mdogo wa mwenye ndizi. Mkono wa wifi, na ile pete yake pana ya shaba ambayo nimeicheka tangu ujana, ikaonekana mpaka mikwaruzo. Tulizianika kwenye kamba ya nguo. Waliokuja kuzima moto wote walikuwepo, wananing'inia, weupe kwenye weusi, wameinua mikono kwetu.

Nilipita kwenye kamba ile mara mbili nikitafuta. Nilikuwa najua, lakini nilitafuta. Wangu haukuwepo. Nilisimama uani nikipiga kelele, mikono yangu mikavu, sikugusa kitu.

Alikwenda Bukoba na mikono ile. Ndiyo aliyoipigilia kwenye ukuta wake, pamoja na picha chache za mwanzo zilizopona. Nilisema siendi. Wifi akaja, tayari kavaa, akasema, "Utakwenda. Mkono wangu uko mjini, unataka niende peke yangu nionekane sina watu?" Tukapanda basi Omurushaka, akaongea mpaka Bukoba, akawaambia abiria wote. Mimi, niliyekuwa mwenye kusema, nilitazama dirishani.

Ukumbi ulijaa. Wifi alisimama chini ya mkono wake akawa anainua wa kwake hewani, watu walinganishe pete. "Huu ni mimi," anawaambia wageni, "nilikuwa nazima moto." Wanampiga picha kwa simu. Nilitafuta kona. Lakini mama mmoja wa mjini, mpole, mwenye miwani, akaona nimefanana na mjukuu wangu.

"Shikamoo Bibi. Na wako ni upi?"

Wifi alikuwa hatua mbili pembeni yangu. Mdomo wake ulifunguka. Huo ulikuwa utani aliopewa bure, wa kunitania mpaka kaburini. Akanitazama, akaufunga mdomo. Nadhani hilo liliniuma kuliko utani.

Mjukuu wangu ndiye aliyejibu. "Wa Bibi haupo," akasema. "Yeye ndiye aliyewaita."

Yule mama akasema "Oo!" akashika kifua, akapiga makofi, na wengine waliokuwa karibu wakapiga. Walidhani nimeokoa mtu. Mjukuu wangu hakupiga. Alinitazama moja kwa moja, hakutabasamu, hakununa. Alikuwa amesema kweli yote, neno kwa neno, na alikuwa amenifunika kwa kweli hiyo hiyo. Nilisimama chini ya makofi yale kama mtu aliyesimama chini ya mvua ya mawe.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia. Haikuwa hotuba. Nilisema, "Niliujua ule moshi."

"Najua, Bibi."

"Nilitaka mlango ufunguliwe."

"Najua."

"Nisamehe."

"Sijamaliza kukasirika," akasema. "Nikimaliza nitakwambia." Akanishika kiwiko tukateremka ngazi, kwa kuwa magoti yangu si ya ngazi.

Pombe nililipa. Niliivisha ndizi mwenyewe, nikakanyaga, nikakamua, wakanywa, wakaimba wimbo wenye pua ndani yake, nami nikahudumia. Mlango mpya niliuweka mimi, na komeo nililitia upande wa ndani.

Amerudi juzi. Kapata karatasi nyingine, si nyingi. Asubuhi kachota nyasi sebuleni kwangu, safari hii akaomba, kisha akaingia, nikasikia komeo. Hajaniambia kama amemaliza kukasirika. Mimi siulizi. Nilileta kigoda nikakaa mbali na mlango, nikaanza kuchagua maharage.

Mchana moshi ukatoka chini ya mapaa, mweupe, mwembamba. Wifi akachomoza kichwa kwenye mibuni.

"Wifi! Moshi huo!"

"Nyasi," nikamwambia. "Nyasi za sebuleni, na jani la mgomba lililokaushwa jikoni kwangu. Rudi kwenye kazi yako."

Akasimama kidogo akinusa, kama na yeye anajua. Akarudi. Nami nikaendelea kuchagua maharage.